Swali la Nane

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Kwa Jovia Mindra, Arua, na Kulusum Swadiki, Koboko

Wapendwa wanafunzi,

Muhula huu chuo chetu kimeachana na karatasi. Kazi mlizozoea kuzileta kituoni Arua ndani ya bahasha sasa zitapokelewa kwenye mtandao tu. Tunajua nyinyi ni watu wazima, mna kazi na familia, na wengine simu ndiyo kompyuta yenu. Ndiyo maana tumeanzisha ulezi: mwanafunzi aliyetangulia anamshika mkono anayemfuata. Jovia alikuwa kwenye kundi la majaribio mwaka jana, kwa hiyo atakuwa mlezi wa Kulusum, aliyebakiza somo moja apate diploma ya malezi ya watoto.

Mtaandikiana kwenye kisanduku cha barua cha chuo, kwa Kiswahili mkipenda. Namba za simu msipeane humo, tulipata malalamiko mwaka jana. Kila baada ya wiki mbili, Ijumaa, kila mmoja atajaza fomu yenye kauli kumi, akitoa namba kuanzia moja, yaani si kweli kabisa, mpaka tano, yaani kweli kabisa. Kwa wastani wa fomu hizo tutajua nani anahitaji msaada zaidi, na tutaujenga mpango huu kutokana na majibu yenu.

Ivan Obitre
Mratibu wa Ulezi

*

Arua, 14 Agosti 2024

Mama Kulusum, shikamoo,

Mimi ndiye Jovia niliyetajwa. Nina miaka thelathini na tatu, nafanya kazi kwenye duka la kudurufu karibu na soko la Arua. Siku nzima nachapa barua za watu na kutoa nakala za vyeti, kwa hiyo mambo ya kompyuta yasikutishe, ndiyo chakula changu. Nilimaliza diploma hiyo yako mwaka jana, sasa nahangaika na digrii.

Nakuomba sana uniite Jovia tu. Neno mlezi limenikaa vibaya, kama nguo ya kuazima. Ukikwama popote, hata kwenye jambo unaloliona la kitoto, niambie. Mwaka jana kwenye majaribio nilikuwa na mwenzangu mmoja wa Abuku, mzee wa heshima. Akawekwa kwenye orodha ya walio hatarini kufeli, na baada ya hapo sikumsikia tena. Sitaki kumpoteza mtu mwingine.

Jovia

*

Koboko, 18 Agosti 2024

Mwalimu wangu Jovia, asalaam aleikum,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mpaka binti yangu Medina akatoka jikoni kuuliza nani amekuja. Nikamwambia amekuja mlezi wangu. Wee, alicheka mpaka akakaa chini! Mama ana watoto wanne na mjukuu, leo amepata mlezi. Mwache acheke.

Kukuita Jovia kavu kavu haiwezekani. Kwetu anayekufundisha haitwi hivyo, hata akiwa umri wa binti yako. Utavumilia tu.

Mimi nafundisha watoto wa darasa la kwanza kabisa, wale wanaokuja bado wanalilia mama zao. Huu ni mwaka wa kumi na nane. Baadhi ya wazazi wanaowaleta niliwafuta kamasi mimi mwenyewe. Sasa mwalimu mkuu wetu, Mama Bushira, ametuita ofisini akasema mwakani hakuna atakayesimama mbele ya darasa bila diploma. Nikamwambia, Mama, nimebakiza somo moja! Akasema basi limalize, tuonane Februari na cheti. Kwa hiyo unaona, sina mchezo.

Huku hali ni nzuri, al hamdulillah, hakuna neno. Na ile fomu nimeijaza siku ileile. Usiwe na hofu, nimekupa tano kuanzia juu mpaka chini. Mtu akubali kunisaidia bila kunijua, halafu mimi nimchongee kwa wakubwa wake? Sikulelewa hivyo.

Wako,
Kulusum

*

Arua, 4 Septemba 2024

Mama Kulusum,

Nisamehe kwa kukaa kimya, dukani kulikuwa na msimu wa vyeti. Tano zako nimeziona kwenye ukurasa wangu, zimepangwa kama askari. Nilimwonyesha Santo, mwenzangu wa dukani, akasema huyo mama anakupenda kuliko mchumba wako. Asante sana. Nami nimekupa tano.

Jambo moja dogo. Ukurasa huohuo una safu ya kazi zako zilizopokelewa, na bado unaniandikia sifuri. Kazi ya kwanza mwisho wake ulikuwa juzi. Nadhani ni mtandao tu, hata yangu mwaka jana ilichelewa kuonekana. Uliiweka, sivyo?

Jovia

*

Koboko, 7 Septemba 2024

Mwalimu wangu,

Niliiweka siku tatu kabla. Nilibonyeza, kikaniandikia Asante. Usijisumbue kabisa na hilo.

Ngoja nikuambie nilichoandika, maana nimekipenda mwenyewe. Walitaka tumwangalie mtoto mmoja wiki nzima bila kumwingilia. Nilimchagua mvulana mmoja mpole. Saa ya uji mtoto huyu akiulizwa umeshiba, anasema nimeshiba, na jicho liko kwenye sufuria. Siku tano, kila siku nimeshiba, kila siku jicho liko palepale. Alhamisi nikaacha kumuuliza, nikamwongezea tu, akanywa vikombe viwili. Kurasa nne nimeandika kwa kidole kimoja kwenye simu hii yangu yenye ufa, mpaka kidole kikafa ganzi.

Ulisema nikikwama nikuambie. Sijakwama, mwalimu. Wewe soma digrii yako.

Kulusum

*

Jumanne, 1 Oktoba 2024

Kwa Jovia Mindra na Kulusum Swadiki

Hongereni!

Baada ya fomu nne, tumekokotoa wastani wa jozi zote za ulezi. Yenu ina tano kamili pande zote mbili. Hakuna jozi nyingine iliyofika hapo. Kamati imeamua kwamba Kulusum anajitegemea, na kwamba muda wa Jovia uelekezwe kwa wanaohitaji msaada. Kisanduku chenu cha barua kitafungwa Ijumaa tarehe 4. Jovia atapewa wanafunzi wawili wenye wastani wa chini. Kulusum aendelee hivyohivyo. Kazi zote nne ziwe zimepokelewa ifikapo Ijumaa tarehe 18 Oktoba.

Nimewataja kwenye mkutano kama mfano wa kuigwa.

Ivan Obitre

*

Arua, 3 Oktoba 2024

Mama Kulusum,

Umesikia? Sisi ni mfano wa kuigwa! Nimefurahi, na nimehuzunika pia, maana nilikuwa nimezoea barua zako. Kesho wanafunga. Kama kuna lolote, liseme leo.

Jovia

*

Koboko, 4 Oktoba 2024

Mwalimu wangu,

Hakuna lolote. Mungu akulipe kwa kila kitu.

Kulusum

*

Koboko, 9 Oktoba 2024
(kwa mkono wa Abiriga, dereva wa mikate)

Mwalimu wangu Jovia,

Hii naandika kwenye karatasi kwa sababu kule kumefungwa, na pia kwa sababu kule Bwana Ivan anasoma. Abiriga analeta mikate Koboko kila siku kutoka Arua, na duka lako analijua. Nimemwambia akupe mkononi kwako, asimwachie mtu mwingine hata kwa dakika. Aibu hii ni ya wawili tu.

Sijui nianzie wapi. Nilikudanganya, ingawa si uongo wa kukusudia. Ukurasa wangu una mahali pa alama, na tangu Agosti panaonyesha vistari tu. Nilijiambia labda wanasahihisha taratibu. Nikafanya kazi ya pili, ya tatu, vistari. Juzi nimemaliza ya nne. Kila nikimaliza nabonyeza kitufe cha kijani, kinaandika Asante, Imehifadhiwa. Sasa kila nikijaribu kulala naona vile vistari.

Ningekuuliza mapema. Lakini ungeniona vipi? Mwanamke mzima, mwalimu wa watu, nauliza kitufe! Na wewe una kazi, una masomo, tena ni umri wa binti yangu. Halafu nikafikiri nikisema nimekwama, watasema mlezi wake hafai, watakuondoa. Zile tano nilikuwa naziandika kukulinda wewe.

Naomba uniambie jambo moja tu: je, kazi zangu zimefika? Kama kuna kitu nimekosea, siku bado zipo. Namba ya Medina nimeiandika nyuma, lakini usipige, hajui kitu.

Darasa langu lote liko kwenye hicho cheti, mwalimu. Nisaidie.

Kulusum

*

Arua, 29 Oktoba 2024
(kwa mkono wa Abiriga)

Mama Kulusum,

Barua yako nimeipata leo, saa tatu asubuhi. Leo tarehe 29. Abiriga alisimama mlangoni akasema, "Mama, barua yako iko hapa, nimezunguka nayo wiki mbili na zaidi, wewe hauko." Mama mdogo wangu alifariki, nilikuwa Manibe kwenye msiba tangu tarehe 10. Santo alimwomba aiache. Akakataa. Alisema yule mama wa Koboko alimwapisha, mkononi kwa mutu mwenyewe tu. Amezunguka nayo karibu na usukani, kona zake zimepata unga.

Nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Kitufe cha kijani kinahifadhi tu. Kinakutunzia kazi yako hapohapo ulipo, chuo hakioni kitu. Chini kabisa kipo kingine, cha bluu, ndicho kinachopeleka. Kwenye simu ndogo lazima usukume ukurasa mpaka mwisho ndipo kitokee, na kama kioo kina ufa huko chini, hata hukioni. Mimi nakijua kile kitufe kama ninavyojua mlango wa duka hili. Ni dakika mbili, Mama Kulusum. Koboko ni mwendo wa saa moja na kidogo, na sikuja hata mara moja.

Mlango umefungwa tarehe 18.

Sasa na mimi niseme langu. Ile sifuri kwenye safu yako ilibaki sifuri. Niliiona Septemba, nikaiona tena kila nilipojaza fomu. Fomu yangu ilikuwa na kauli isemayo mwenzangu anawasilisha kazi kwa wakati. Ningeandika moja, ungeingia kwenye orodha ya walio hatarini, na nilikuwa nimeshaona orodha hiyo ilivyommeza yule mzee wa Abuku. Nikaandika tano. Mara zote nne. Wewe ulikuwa unanilinda mimi, mimi nakulinda wewe, na tumekuangamiza.

Namwandikia Ivan sasa hivi.

Jovia

*

Arua, 29 Oktoba 2024

Ndugu Ivan Obitre,

Kulusum Swadiki wa Koboko amefanya kazi zote nne, kila moja kabla ya siku yake. Ziko kwenye ukurasa wake, zimehifadhiwa, tarehe zinaonekana, mnaweza kuzifungua hata sasa. Hakubonyeza kitufe cha kupeleka kwa sababu hakujua kipo, na hakuuliza kwa sababu ya heshima. Mimi niliyepaswa kujua nilijua, nikanyamaza. Kama kuna wa kuadhibiwa, niandikeni mimi.

Asipopata cheti, mwakani hana darasa. Miaka kumi na nane, ndugu yangu. Naomba mfungue mlango kwa siku moja tu.

Jovia Mindra

*

11 Novemba 2024

Jovia,

Nakuandikia nje ya kisanduku, kama Ivan tu.

Nilipeleka ombi kwenye kamati mara mbili. Mara ya kwanza walisema mtandao hauna namna ya kupokea kazi baada ya siku ya mwisho. Mara ya pili nikawaonyesha kazi zenyewe. Mmoja wao alisoma ile ya mtoto wa uji mpaka mwisho, akavua miwani. Halafu akauliza, huyu aliwahi kusema ana shida? Wakafungua fomu. Tano, tano, tano. Wakaniambia, Ivan, wewe mwenyewe ulituletea hawa kama mfano. Ulitaka tuamini namba zako Oktoba, sasa hutaki tuziamini Novemba?

Nilirudi nikazitoa fomu zake zote nne nikazisoma kauli moja moja. Sikuwahi kufanya hivyo. Nilikuwa nasoma wastani. Kauli ya nane, niliyoitunga mimi, inasema hivi: kuna jambo linanikwamisha ambalo sijamwambia mlezi wangu. Niliiweka kusudi, imegeuzwa, tano yake ndiyo mbaya, ili tuwakamate wanaojaza bila kusoma. Kulusum ameandika tano. Kweli kabisa. Agosti, Agosti tena, Septemba, Septemba tena. Mara nne ameniambia amekwama, mimi nikajumlisha, nikagawa kwa kumi, nikampongeza.

Najua utasema hakusoma, alijaza tu. Pengine. Ila sijui, na hakuna wa kujua. Nimeomba fomu ibadilishwe. Wamesema imepitishwa kwa miaka miwili.

Anaweza kurudia somo kuanzia Februari. Ndicho pekee nilichopata. Nisamehe, na umwambie anisamehe.

Ivan

*

Koboko, 20 Novemba 2024

Mwalimu wangu,

Abiriga ameleta barua yako ya pili na nakala ya ile ya Bwana Ivan. Nimelia kidogo, nimemaliza. Usijilaumu. Pole sana kwa mama mdogo, Mungu amlaze pema. Wewe ulikuwa kwenye msiba na mimi nakusukumia barua.

Nimekwenda kwa Mama Bushira. Nilidhani atapiga kelele, hakupiga. Alisema, "Kulusum, mimi mwenyewe nitafanyaje? Wakaguzi wakija, wataniuliza karatasi, hawataniuliza moyo." Darasa langu la mwakani amepewa Juliet, binti wa miaka ishirini na tatu, ana diploma. Mimi nitabaki kuwa msaidizi. Nitawapeleka watoto chooni, nitaosha vikombe. Juliet ni mtoto mzuri, ananiita mama. Ananiuliza nifanye nini wakilia wote pamoja, namwambia.

Kuhusu hiyo kauli ya nane umeniuliza kama niliisoma. Nimefikiri siku tatu. Mara ya kwanza sikuisoma, wallahi, nilishuka tu na tano zangu kama mtu anayeshuka ngazi. Mara ya pili niliisoma. Kidole kikasimama hapo. Nikajiambia nikiandika moja hapa, peke yake kati ya tano, itaonekana kama nimetukana. Nikaandika tano kama nyingine. Lakini nilijua inasema nini, na mara ya tatu na ya nne nilikuwa nangoja mtu anipigie.

Hakuna aliyepiga.

Kulusum

*

Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwa Kulusum Swadiki, Koboko

Mpendwa mwanafunzi,

Hongera! Kwa kuzingatia wastani wako katika fomu za muhula uliopita, mtandao wetu umekuchagua kuwa MLEZI muhula huu. Mwenzako ni Shakirah, wa Omugo, mwanafunzi mpya. Kisanduku chenu cha barua kimefunguliwa. Fomu ya kwanza ni Ijumaa tarehe 14 Februari.

(Barua hii imetumwa na mtandao. Tafadhali usiijibu.)

*

Koboko, 6 Februari 2025

Mwanangu Shakirah, asalaam aleikum,

Mimi ni Kulusum. Nimechaguliwa kukulea, na nimecheka kuliko wote hapa nyumbani, maana mimi mwenyewe narudia somo. Nilijaribu kuwaambia, barua zao hazipokei jibu. Kwa hiyo tuko sawa, mimi na wewe.

Nisikilize vizuri. Kwanza, kitufe cha kijani hakipeleki kazi. Sukuma ukurasa mpaka chini, mpaka chini kabisa, kitatokea cha bluu. Bonyeza hicho. Ukipeleka, niambie, nami nitaangalia upande wangu kama imefika.

Pili, ile fomu si alama zangu. Mimi hawanilipi, hawanifukuzi. Ukinipa moja sitakasirika, nitakushukuru. Wanataka kujua wewe umekwama wapi, na hawana njia nyingine ya kujua. Acha heshima mlangoni, mwanangu. Mimi heshima yangu imenitoa mbele ya darasa nililosimamia miaka kumi na nane, sasa naosha vikombe. Usinionee haya. Tena isome kauli ya nane polepole, na ukiona ni kweli, usiishie kwenye namba. Niandikie kwa maneno.

Mama yako,
Kulusum

*

Omugo, 17 Februari 2025

Mama mheshimiwa Kulusum, waaleikum salaam,

Barua yako nimeisoma mara mbili na nimeielewa sana. Nimejifunza mengi kuhusu vitufe. Mungu akupe maisha marefu. Tangu nizaliwe hakuna mtu mkubwa aliyeniandikia barua.

Mimi sina shida yoyote, al hamdulillah. Huku kuzuri. Masomo nayapenda. Fomu nimejaza Ijumaa kama walivyosema. Najua umesema nisikuonee haya, lakini mama, ningewezaje? Nimekupa tano zote kumi, unastahili.

Ukinijibu, naomba usijibu kabla ya Jumapili. Simu hii ni ya jirani, na sitaki mume wangu aikute na barua.

Mtoto wako,
Shakirah

*

Koboko, 19 Februari 2025
(kwa mkono wa Abiriga, safari hii anaweza kumwachia Santo)

Dada Jovia,

Leo nakuita dada, mwalimu limenishinda. Nimekuwekea ndani nakala ya barua ya Shakirah. Isome mpaka mwisho, mpaka hapo pa jirani.

Tano kumi. Na ya nane pia, tano. Nimekaa na simu mkononi tangu watoto waondoke, sijui niifanyeje hiyo tano. Nikimuuliza atasema hakuna shida. Nikimwandikia Bwana Ivan, kamati itamwambia wastani wa Shakirah ni mzuri. Nikienda Omugo mwenyewe, nitafika mlangoni kwa nani, niseme nimetumwa na nini? Namba? Na nikiandika kabla ya Jumapili nitamtia matatani, na baada ya Jumapili sijui.

Nilimwambia kila kitu, dada. Kila nililotamani kuambiwa mimi, nilimwambia. Na bado.

Nataka kukuuliza, nawe unijibu kweli, usinilinde. Siku ile ya Agosti ulipozifungua tano zangu za kwanza, kabla hujajua lolote, ulijisikiaje? Labda nikijua, nitajua na mimi nifanye nini.

Kulusum

*

Arua, 21 Februari 2025

Dada Kulusum,

Nilifurahi. Nilifurahi sana.

Jovia